Maswali ya Wasomaji kwa Daktari wa Upasuaji: Kidonda cha Duodeni Kinachotoka Damu

Duodeni ni kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, chenye urefu wa takriban sentimita 25, kinachopokea chakula kinapotoka tumboni. Vidonda vinavyotokea hapo vinaweza kukaa kimya kwa miaka, vikauma mara kwa mara, au vikatoka damu ghafla kiasi cha kuhatarisha uhai. Barua za safari hii zote zinahusu hali hiyo ya mwisho, na nyingi zimeandikwa na ndugu wa wagonjwa kuliko wagonjwa wenyewe.

Swali: Shikamoo Daktari. Baba yangu mwenye umri wa miaka 68 alitapika damu nyingi usiku, tukamkimbiza hospitali. Alipigwa kamera, ule mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, kidonda kikachomwa sindano na kuwekewa kibanio, damu ikakatika. Kesho yake ikaanza tena, wakarudia kamera. Ilipoanza mara ya tatu ndipo akapelekwa chumba cha upasuaji, na huko ndiko ilikokoma kabisa. Sasa yuko nyumbani anaendelea vizuri, lakini sisi watoto tumegawanyika, kwa maana wadogo zangu wanasema madaktari walichezea muda. Kama upasuaji ndio uliomwokoa, kwa nini hakupasuliwa siku ile ile ya kwanza?

Jibu: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Wadogo zako wanalitazama jambo hili wakiwa wameshajua lilivyoishia, ilhali usiku ule wa kwanza hakuna aliyeweza kujua kwamba baba yenu angekuwa mmoja wa wachache wanaofikia kisu. Katika kila wagonjwa 10 wanaotoka damu kwa sababu ya vidonda, karibu 8 damu yao hukatika yenyewe, na wengi wa waliobaki huzuiwa kwa kamera. Daktari akiamua kuwapasua wote mara wanapofika, atakuwa amewapasua wengi ambao hawakuhitaji, tena katika wakati mbaya kuliko wote: damu imepungua, presha imeshuka, tumbo limejaa damu inayoweza kuingia mapafuni mgonjwa anapolazwa kwa nusu kaputi, na mara nyingi mwenyewe ni mtu mzima ambaye moyo na figo zake hazina nguvu ya akiba.

Ukubwa wa hatari hiyo ulionekana katika ukaguzi uliofanywa kwenye hospitali za Uingereza mwaka 2007. Miongoni mwa wagonjwa zaidi ya 6,000 waliotoka damu katika sehemu ya juu ya njia ya chakula, waliopasuliwa walikuwa kama 2 tu katika kila 100, na kati ya hao waliopasuliwa karibu 3 katika kila 10 walifariki dunia. Hesabu hiyo haina maana kwamba kisu ndicho kilichowaua, kwa sababu wanaofika kwenye kisu siku hizi ni wale ambao njia nyingine zote zimewashindikania, nao huwa wameshachoka sana. Hata hivyo inatosha kueleza kwa nini daktari mwenye busara hakimbilii huko.

Kamera yenyewe si kipimo tu. Daktari anapokiona kidonda, mwonekano wa sakafu yake humwambia hatari iliyopo, na tangu mwaka 1974 madaktari wamekuwa wakitumia mpangilio wa Forrest kuieleza: damu inayoruka kwa kufuata mapigo ya moyo, damu inayochuruzika taratibu, mshipa uliochomoza bila kutoka damu kwa wakati huo, donge la damu lililong'ang'ania juu ya kidonda, doa jeusi lililo bapa, na mwisho sakafu safi. Mwenye sakafu safi hupewa dawa na kuruhusiwa mapema. Mwenye mshipa unaoruka damu hutibiwa pale pale: huchomwa adrenalini iliyozimuliwa kuzunguka kidonda ili mishipa isinyae, kisha mshipa wenyewe hubanwa kwa kibanio kidogo cha chuma au huchomwa kwa joto. Sindano ya adrenalini peke yake haitoshi, kwa kuwa nguvu yake huisha baada ya muda mfupi na damu hurejea.

Baada ya hapo huja dawa ya kuzuia asidi kwa njia ya mshipa, mathalani omeprazoli, ambayo kwa desturi huanzishwa kwa miligramu 80 kwa pamoja na kufuatiwa na miligramu 8 kila saa kwa saa 72. Wengi hufikiri dawa hiyo ni ya kupunguza maumivu. Kazi yake hapo ni nyingine kabisa: donge la damu haligandi vizuri mahali penye asidi kali, na hata likiganda huyeyushwa na vimeng'enya vya tumbo, hivyo asidi ikizuiwa kwa siku tatu za mwanzo, ambazo ndizo za hatari zaidi, donge lililofunga mshipa hupata nafasi ya kukomaa.

Sasa tuje kwenye siku ya pili ya baba yenu. Swali la nini kifanyike damu ikirudi baada ya kamera ya kwanza lilichunguzwa Hong Kong, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1999. Wagonjwa 92 waligawanywa kwa bahati nasibu, 48 wakarudiwa kwa kamera na 44 wakapasuliwa. Kati ya wale 48, damu ilizuiwa kwa kudumu kwa 35, na 13 ndio walioishia kupasuliwa. Kundi la kamera halikuwa na vifo vingi kuliko la upasuaji, na madhara yake yalikuwa machache zaidi. Kwa hiyo kurudia kamera mara moja ni utaratibu unaokubalika, wala haukuwa uzembe. Uchunguzi huo huo ulionyesha pia ni akina nani ambao kamera ya pili huelekea kuwashinda: wale ambao presha yao ilishuka wakati damu iliporudi, na wale wenye kidonda cha sentimita 2 au zaidi.

Damu ikirudi mara ya tatu, kuendelea kujaribu kamera ni kumpotezea mgonjwa damu asiyokuwa nayo, na hapo ndipo walipoamua. Kwa maelezo yako, hatua zilifuatana inavyostahili. Kama mngetaka kuuliza jambo hospitalini, mimi ningeuliza kama daktari wa upasuaji alijulishwa tangu usiku wa kwanza. Mara nyingi kinachogharimu maisha ni zile saa zinazopotea baada ya kamera kushindwa, wakati daktari wa upasuaji ndiyo kwanza anatafutwa, damu ya kuongezea haijapimwa, na ndugu hawajaelezwa kitu. Mgonjwa mwenye mshipa unaoruka damu anapaswa kuonwa na timu ya upasuaji hata kama inatarajiwa kwamba hatapasuliwa.

Swali: Daktari, mama yangu mdogo alipasuliwa kwa kidonda cha duodeni kilichokuwa kikimwaga damu. Tuliambiwa kwamba utumbo ulifunguliwa, mshipa ukafungwa kwa uzi, kisha wakashona, lakini kidonda chenyewe hakikuondolewa. Bibi yetu alipasuliwa kwa ugonjwa huo huo akiwa kijana, na yeye alikatwa sehemu ya tumbo. Je, mama mdogo alifanyiwa kazi nusu?

Jibu: Hapana. Alifanyiwa upasuaji unaofaa kwa wakati wetu, na bibi alifanyiwa uliofaa kwa wakati wake. Tofauti kati ya hizo mbili inahitaji maelezo marefu kidogo.

Kidonda kinachomwaga damu nyingi kwa kawaida huwa katika ukuta wa nyuma wa duodeni, karibu kabisa na tumbo. Nyuma ya ukuta huo hupita ateri kubwa inayotokana na mshipa wa ini na kulisha tumbo pamoja na duodeni. Kidonda kikichimba vya kutosha huifikia na kuitoboa ubavuni. Ateri iliyokatika kabisa hujikunja na kusinyaa, lakini iliyotobolewa ubavuni, tena ikiwa imeshikwa na kovu gumu la kidonda cha siku nyingi, haiwezi kusinyaa, na ndiyo maana damu yake haikomi kirahisi. Vidonda vya ukuta wa mbele havina mshipa wa namna hiyo nyuma yake. Vyenyewe hutoboa utumbo na kumwaga yaliyomo ndani ya fumbatio, ambayo ni dharura ya aina nyingine.

Mgonjwa akishalazwa kwa nusu kaputi, tumbo hupasuliwa kwa mstari wa katikati, kuanzia chini ya kidari hadi karibu na kitovu. Duodeni hulegezwa kutoka iliposhikamana na ukuta wa nyuma wa mwili ili daktari aweze kuikamata kwa mkono wake wa kushoto, kisha ukuta wake wa mbele hukatwa kwa urefu, mkato ukivuka ule msuli wa mviringo unaofunga mlango wa kutokea tumboni. Damu hufurika. Madonge huondolewa kwa mkono na kwa mpira wa kufyonza, kidonda kikaonekana, na kidole cha shahada kikawekwa moja kwa moja juu ya tundu la mshipa na kukandamiza. Damu hukoma papo hapo, na kuanzia hapo daktari hana haraka tena. Kidole hubaki pale pale kwa dakika kadhaa bila kusogea, huku daktari wa usingizi akiongeza damu, akipasha mwili joto na kupandisha presha, kwa sababu kuanza kushona wakati mapigo ya moyo bado yanakwenda mbio na presha haishikiki ni kuhatarisha kumpoteza mgonjwa mezani. Ndugu wanaosubiri nje hudhani kila dakika iliyopita ni ya kukata na kushona. Baadhi yake ni za kungoja tu, na ni za lazima.

Kushona kwenyewe kuna kanuni yake. Uzi wa kwanza hupitishwa juu ya kidonda na wa pili chini yake, ili ateri ifungwe pande zote mbili za tundu, kwa kuwa damu huifikia kutoka juu na kutoka chini. Watu wengi wangeishia hapo. Lakini ateri hiyo ina tawi dogo linaloelekea kwenye kongosho, ambalo huweza kuendelea kuleta damu kwa nyuma hata baada ya nyuzi mbili za mwanzo, na hivyo huongezwa uzi wa tatu, unaoshonwa kwa umbo la U upande wa ndani wa kidonda. Kuusahau uzi huu wa tatu ni mojawapo ya sababu za damu kurudi siku chache baada ya upasuaji. Sindano inatakiwa iingie kwa kina cha kuuzunguka mshipa, ila isiingie mno, kwani mrija wa nyongo hupita karibu sana na hapo. Daktari akiwa na shaka, huingiza mpira mwembamba ndani ya mrija huo ili ajue ulipo kabla ya kukaza uzi.

Mkato uliofanywa kwa urefu hufungwa kwa upana. Ungefungwa kwa urefu kama ulivyokatwa, njia ya chakula ingebanwa. Ukifungwa kwa upana, njia hupanuka na tumbo humwaga chakula bila kizuizi. Kidonda chenyewe hubaki kwenye sakafu yake, na dawa za kuzuia asidi hukiponya ndani ya wiki 4 hadi 8. Kukichimbua na kukitoa kungekuwa kuongeza jeraha juu ya kongosho bila faida.

Kuhusu bibi: mwaka 1881 Theodor Billroth wa Vienna alifaulu kukata sehemu ya chini ya tumbo la mgonjwa wa saratani na kuunganisha kilichobaki na duodeni, na mwaka 1885 akaongeza namna ya pili ya kuunganisha. Njia hizo zikahamishiwa kwenye vidonda, kwa hoja kwamba sehemu inayochochea utengenezaji wa asidi ikiondolewa, kidonda hakitarudi. Mwaka 1943, huko Chicago, Lester Dragstedt alianza kukata neva ya vagasi, ambayo ndiyo inayoliamrisha tumbo kutoa asidi, na kwa miongo kadhaa kukata neva hiyo pamoja na kupanua mlango wa tumbo kulikuwa upasuaji wa kawaida kabisa. Wagonjwa walipona vidonda, lakini baadhi yao wakabaki na kuharisha kusikoisha, kizunguzungu baada ya kula, au upungufu wa damu.

Mambo mawili yaliuondoa msingi wa upasuaji huo. La kwanza ni dawa. Simetidini, iliyotokana na kazi ya James Black, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1976, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 omeprazoli ikaweza kuzima asidi kwa kiwango ambacho kisu hakikuwahi kukifikia. La pili lilitoka Perth, Australia, ambako Robin Warren na Barry Marshall waliwatambua bakteria wanaoitwa Helicobacter pylori kuwa chanzo cha vidonda vingi. Walifanikiwa kuwaotesha mwaka 1982, na mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao yeye mwenyewe, akapata uvimbe wa utando wa tumbo. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Black alikuwa ameshapata yake mwaka 1988.

Siku hizi, kwa hiyo, kisu kinaitwa kuzuia damu tu, na ugonjwa wenyewe huachiwa dawa. Wapo bado madaktari wanaokata neva ya vagasi katika upasuaji wa dharura. Mimi naona ni vigumu kulitetea jambo hilo kwa mgonjwa ambaye hajawahi kutibiwa bakteria, kwani hurefusha upasuaji na kumwachia madhara ya maisha. Kwa yule ambaye vidonda vimemrudia licha ya bakteria kwisha na dawa kutumiwa ipasavyo, ninaweza kuelewana nao. Kukata sehemu ya tumbo nako kumebaki kwa wachache, hasa pale ambapo kidonda ni kikubwa kiasi kwamba ukuta wa duodeni umeliwa na uzi hauna pa kushika. Daktari hulazimika kuondoa sehemu hiyo na kuifunga duodeni kwa namna ya kigutu, akijua kwamba kigutu kilichoshonwa kwenye nyama iliyovimba kinaweza kuachia siku chache baadaye na kumwaga nyongo ndani ya fumbatio. Mama mdogo hakuhitaji hayo, na hilo ni jambo la kushukuru.

Swali: Babu yetu ana ugonjwa wa moyo. Kamera iliposhindwa kuzuia damu, tuliambiwa kwamba hatapasuliwa, ila mshipa utazibwa kwa kupitishia mrija kwenye paja. Ilifanyika na damu ikakoma. Je, njia hii ni ya kudumu, au tujiandae kwa upasuaji baadaye?

Jibu: Damu ikikoma na isirudi katika siku za mwanzo, hamna haja ya kujiandaa kwa upasuaji. Katika njia hiyo mrija mwembamba huingizwa kwenye ateri ya kinena, au wakati mwingine ya kifundo cha mkono, ukaongozwa kwa picha za eksirei hadi kwenye ateri niliyoieleza katika jibu lililotangulia. Dawa inayoonekana kwenye eksirei humwagwa ndani ili kutambua tundu lilipo, kisha mshipa huzibwa kwa nyaya ndogo za chuma zilizojiviringisha au kwa vitu vingine vya kuziba. Kanuni ya pande mbili inahusika hapa pia: wakiziba upande wa juu tu, damu itazunguka na kuingia kutoka chini.

Njia hii ikilinganishwa na upasuaji, damu hurejea mara nyingi zaidi, lakini vifo havionekani kuwa vingi zaidi na madhara huwa machache, ingawa wanaopelekwa huko kwa kawaida ni wazee na wagonjwa zaidi kuliko wanaopelekwa kwenye kisu. Mgonjwa hahitaji nusu kaputi kila mara, na hilo kwa mwenye moyo dhaifu si jambo dogo. Duodeni hulishwa na zaidi ya mshipa mmoja, hivyo kuziba mmoja ni nadra kuifanya ioze. Tatizo ni kwamba vifaa na mtaalamu wake havipatikani kila hospitali wala kila saa. Mgonjwa anayemwaga damu asisafirishwe mbali kufuata mashine wakati kuna daktari anayeweza kuufunga mshipa kwa uzi hapo alipo. Babu afuatiliwe figo zake katika siku za mwanzo, kwa kuwa ile dawa ya eksirei inaweza kuzidhuru, hasa baada ya kupoteza damu.

Swali: Mume wangu alitoka damu nyingi kwa kidonda. Alipofikisha gramu 8 za hemoglobini, waliacha kumwongezea damu, nami nilikuwa tayari kutafuta wachangiaji. Je, walikuwa wanabana damu?

Jibu: Sidhani, shemeji. Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Barcelona kwa wagonjwa 921 waliotoka damu katika njia ya juu ya chakula. Kundi moja liliongezewa damu hemoglobini ilipopungua chini ya gramu 7 kwa desilita, na jingine ilipopungua chini ya 9. Baada ya wiki 6, waliokuwa hai walikuwa asilimia 95 katika kundi la kwanza na asilimia 91 katika la pili, na waliobaniwa damu walitokwa damu tena kwa uchache. Kuujaza mwili damu kupita mahitaji hakumsaidii mgonjwa, na kunaweza kumdhuru. Mwenye ugonjwa wa moyo huwekewa kiwango cha juu kidogo, na anayemwaga damu kwa kasi hasubirishwi kipimo, kwa sababu hemoglobini huchukua saa kadhaa kushuka hata kama damu nyingi imeshatoka. Wachangiaji uliowapata wapeleke hata hivyo. Damu itamfaa mgonjwa mwingine.

Swali: Nimekuwa nikipata choo cheusi kwa siku mbili. Sina maumivu yoyote ya tumbo. Ninatumia diklofenaki kwa ajili ya magoti, na vilevile vidonge vya madini ya chuma. Je, nisubiri?

Jibu: Usisubiri, nenda hospitali leo. Ni kweli kwamba madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi, lakini huwa kigumu kiasi, chenye weusi unaoelekea kijani, na harufu yake ni ya kawaida. Choo chenye damu iliyomeng'enywa ni cheusi kama lami, hunata, na kina uvundo ambao mtu akishaunusa mara moja hausahau. Kutokuwa na maumivu hakuthibitishi kitu, kwa kuwa dawa za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huchubua utando wa tumbo na duodeni huku zikiyaficha maumivu ambayo yangekuonya, na kwa watu wazima wengi dalili ya kwanza ya kidonda ni damu yenyewe. Acha diklofenaki hadi uonwe na daktari. Ukiona kizunguzungu unaposimama, jasho jembamba au mapigo ya moyo yakienda mbio, usiende peke yako wala usiendeshe chombo.

Swali: Shikamoo Daktari. Nilipasuliwa miezi mitatu iliyopita kwa kidonda kilichokuwa kikitoka damu, mlango wa tumbo ukapanuliwa. Tangu hapo, kila nikila, hasa vitu vitamu, baada ya kama robo saa natokwa jasho, moyo unakwenda mbio na tumbo linaniuma hadi nilale. Pia nilikuwa natumia aspirini kwa sababu niliwahi kupata shambulio la moyo, nikaiacha tangu siku ile. Je, nilifanya vizuri? Na nitajuaje kwamba kidonda hakitarudi?

Jibu: Marahaba. Hali unayoieleza inatokana na chakula kumiminika kwenye utumbo mwembamba kwa kasi, kwa kuwa mlango wa tumbo haukibani tena kama zamani. Chakula kitamu kikifika huko kwa pamoja huvuta maji kutoka kwenye damu kuingia ndani ya utumbo, na mwili hujibu kwa jasho na mapigo ya haraka. Kula kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, punguza sukari na vinywaji vitamu, ongeza vyakula vya protini, na usinywe maji pamoja na chakula. Yaache yapite nusu saa au zaidi. Ukijisikia vibaya, jilaze kidogo kama unavyofanya. Wengi hupata nafuu ndani ya miezi kadhaa kwa utaratibu huo pekee. Iwapo dalili zitakuja saa moja hadi tatu baada ya kula, pamoja na kutetemeka na njaa kali, mweleze daktari wako, kwa kuwa hiyo ni sukari inayoshuka na ina matibabu yake.

Kuhusu aspirini, sikubaliani na kuiacha kwa miezi mitatu, na ninakuomba umwone daktari wako wa moyo wiki hii. Uchunguzi mwingine wa Hong Kong, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuata wagonjwa 156 waliokuwa wakitumia aspirini kwa ajili ya moyo au ubongo na wakatoka damu kwenye vidonda. Walioendelea nayo mara baada ya damu kuzuiwa walitoka damu tena karibu mara mbili ya walioiacha, asilimia 10.3 kwa 5.4. Lakini baada ya wiki 8, walioiacha walikuwa wamefariki asilimia 12.9, na walioendelea asilimia 1.3 tu. Kwa mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo, aspirini hurejeshwa ndani ya siku chache, ikiandamana na dawa ya kuzuia asidi kwa muda wote atakaoitumia. Anayeitumia kwa kujikinga tu, bila kuwahi kuugua moyo wala kiharusi, huyo ndiye anayeshauriwa kuiacha.

Swali lako la mwisho linategemea kipimo ambacho hukukitaja. Kama ulipimwa bakteria wa Helicobacter pylori wakati damu ikiwa bado inatoka na ukaambiwa huna, usiridhike, kwa sababu damu iliyopo tumboni hufanya kipimo hicho kishindwe kuwaona hata wakiwepo, kirudiwe. Kama ulionekana unao na ukapewa dawa, kwa kawaida za siku 14, usiridhike pia na kumaliza vidonge. Pima tena kwa kipimo cha pumzi au cha choo, wiki 4 au zaidi baada ya antibiotiki kwisha. Dawa ya kuzuia asidi husimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo hicho, nayo kwa mtu anayehitaji aspirini kama wewe hupangwa na daktari, si kuamuliwa nyumbani.